Mzazi Abaki Ukumbini

Niko Cardiff. Mvua ni ile ile, na sisi ni wale wale.

Mhariri ameniomba niandike kuhusu baraza yetu ya Alhamisi, nami nimekubali upesi kwa sababu nina hoja yangu. Kwa wasioijua: ni mkusanyiko wa watoto wadogo, tangu wa miezi minne hadi wa miaka minne, pamoja na mama zao, bibi zao, na wanaume wawili watatu nikiwemo mimi, katika ukumbi wa nyuma wa kanisa moja mtaa wa Grangetown. Tunakaa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita. Watoto wanacheza, watu wazima wanakunywa chai na kuzungumza Kiswahili, kisha tunafagia tunaondoka. Ndiyo hivyo tu. Hakuna mwalimu, hakuna ubao, hakuna mtihani.

Sasa imetujia neema yenye sharti. Taasisi moja ya hisani, ambayo sitaitaja, iko tayari kutulipia ukumbi mwaka mzima, na juu yake mwalimu wa mshahara. Sharti lenyewe ni kwamba baraza iwe darasa la Kiswahili lenye mtaala, kwa watoto wa kuanzia miaka mitatu, na wazazi wawaache watoto mlangoni, warudi kuwachukua baada ya saa mbili. Wenzangu walio wengi wamefurahi, na si watu wajinga. Mimi nimesimama upande wa pili. Kura ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kwa kuwa kikaoni kila mtu hupewa dakika tatu, nami ni mtu wa maneno mengi, nimeona heri niyamwage hapa.

Vikundi vya namna hii vimejaa kila mji wa nchi hii, na watu hudhani vililetwa na serikali kama maktaba na zahanati. Sivyo. Mwaka 1960 Wizara ya Elimu ilitoa waraka, namba 8/60, ukiziambia halmashauri zisiongeze nafasi katika shule za chekechea. Mama mmoja wa London, Belle Tutaev, alikuwa na binti mdogo na hana pa kumpeleka. Akaanzisha kikundi katika ukumbi wa kanisa, na Agosti 1961 akaandika barua katika gazeti la Guardian akiwaita wazazi waliokwama kama yeye waungane kuidai serikali, na huku nyuma wajisaidie wenyewe. Majibu yakamiminika. Kisha kikazaliwa chama cha vikundi hivyo, ambacho kipo hadi leo, baada ya kubadili jina, kikiitwa Early Years Alliance.

Mimi ni mhandisi wa mifereji ya maji machafu. Nilikuja Uingereza kusomea kazi hiyo, na mpaka leo nikiona kitu kimesimama huuliza kimesimamishwa na nini. Vikundi vile vilisimamishwa na zamu. Hawakuwa na fedha za kuajiri watu, kwa hiyo kila mama alikuwa na siku yake ya kubaki, kuosha brashi za rangi, kukata matunda, kutuliza mtoto wa mwenzake anayelia. Umaskini ndio uliowalazimisha. Lakini baada ya muda waligundua kwamba mama anayeshika zamu anabadilika yeye mwenyewe. Aliona watoto wengine wanavyokua, akajua kwamba wa kwake si mtundu kuliko wote. Akajifunza kushika hesabu, kuongoza kikao, kusema mbele za watu. Ikawa kubaki kwa mzazi si shida ya kuvumiliwa tena, ni msingi wa jambo lenyewe, na chama kikaupigania.

Baadaye vikundi vingi vilipungua. Akina mama wengi zaidi waliingia kazini, na serikali ilipoanza mwaka 1998 kulipia nafasi za bure kwa watoto wote wa miaka minne, vingine viligeuka vituo rasmi vyenye wafanyakazi wa mshahara, vingine vikafungwa. Sisemi ni vibaya. Binti yangu ni muuguzi, na bila vituo hivyo asingeweza kushika zamu zake hospitali. Ila katika mageuzi yale mzazi alibaki nje ya mlango, na ndiyo maana naliangalia sharti letu hili kwa jicho la pili.

Hapa Wales wana jambo lao la ziada, nalo ndilo lililoniingiza katika habari hizi za watoto. Mume wa binti yangu ni Mwelisi, kwao wanasema Kiwelisi. Mama yake humpeleka mjukuu wetu kila Jumanne kwenye kinachoitwa Cylch Ti a Fi, yaani duara la Wewe na Mimi. Viko vingi nchi nzima, chini ya chama cha Mudiad Meithrin kilichoanzishwa mwaka 1971 na watu waliokuwa wakiona lugha yao inawaponyoka. Nilikwenda mara moja kumsindikiza. Sikuona mtu akifundisha. Watoto wanacheza na mchanga, bibi zao wanaongea, na pembeni wamekaa wazazi ambao Kiwelisi hawakijui kabisa, wameshika karatasi yenye yale maneno ya kumwambia mtoto mchana kutwa: njoo, vaa viatu, nawa mikono, asante.

Mjukuu wangu alipofika mwaka mmoja na nusu alikuwa anaomba maji kwa Kiwelisi. Maji kwao ni dŵr. Mama yangu yuko Ngamiani, Tanga, ana miaka 81, na kila Ijumaa tunapigiana simu ya video amwone kitukuu chake. Ijumaa moja mtoto akamwinulia kikombe akasema neno lake hilo. Mama yangu akasikia 'duu!', akaangua kicheko: "Mbona anashangaa huyu, kaona nini?" Tulicheka sote. Nilipokata simu niliendelea kuitazama ile skrini nyeusi kwa muda. Mtu wa miaka 81 hawezi kuambiwa asubiri, mtoto ataanza masomo mwakani.

Habari hiyo nilimpelekea Bi Mkubwa wetu, mtu wa Pemba, ambaye nusu ya Waswahili wa mji huu wamekula kwake. Nikamweleza kile kikundi cha Wawelisi, jinsi wanavyokaa, jinsi wasivyofundisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kumbe wenzetu wamegundua ua."

Alisema kweli. Kwetu Tanga uani palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka wanawake wanachambua mchele, wanasuka ukili, wanasukana nywele, na katikati yao watoto wanatambaa. Hakuna aliyewakalisha kitako kuwafundisha majina ya vitu. Maneno yalipita juu ya vichwa vyao tangu asubuhi: bei ya dagaa, harusi ya nani, jirani aliyeachwa akarudiwa. Siku moja mtoto anainuka anasema sentensi nzima, na mara nyingi ni ile ambayo mngependa asiwe ameisikia. Huku ugenini ua hakuna. Nyumba ni mlango mmoja, mama mmoja na mtoto mmoja, dirisha limefungwa kwa baridi, na kinachozungumza zaidi humo ndani ni televisheni.

Na televisheni, ndugu zangu, haifundishi mtoto mchanga kitu. Nasema hivyo kwa ushahidi, maana sisi wahandisi hatuendi kwa methali peke yake. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Kundi moja lilikaa na watu wanaosema Kichina, wakisomewa na kuchezeshwa, mara 12, kila mara dakika 25, kwa muda wa wiki nne hivi. Ukijumlisha ni saa tano tu. Watoto hao waliweza kutofautisha sauti za Kichina karibu sawa na watoto wa Taiwan. Kundi jingine lilipewa watu wale wale na maneno yale yale, lakini kwa video. Hawakupata chochote. Kwa hiyo wale wanaoniambia mjukuu atajifunza kwa katuni za Kiswahili za kwenye simu, nawaombea kila la heri.

Basi tulianza familia nne. Nitawaeleza kidogo mambo ya ndani, maana wengine mmeniandikia mkiuliza inavyokuwa.

Vifaa vya kuchezea hatukununua. Lile donge laini la rangi ambalo maduka huuza kwa bei ya kuumiza, sisi tunakanda unga wa ngano na maji, chumvi nyingi na mafuta kidogo; mtoto akilitia mdomoni analitema mwenyewe kwa chumvi. Akina mama wakishika unga mikono haitulii, kwa hiyo pembeni hukandwa donge la pili lisilo na chumvi hiyo, na saa tano na nusu tunakula chapati. Tuna sufuria, miiko, ungo mbili na kawa moja ambayo imekuwa kofia, usukani na ngoma. Mzee mmoja wa Lamu alituletea bao na komwe zake. Hapo ilinibidi niwe mbaya. Kipimo cha usalama wa vitu vya kuchezea kinacho kikombe chake, kipenyo cha milimita 31.7, na chochote kinachoingia chote humo hakifai kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, maana kitamkaba koo. Komwe inaingia na nafasi inabaki. Mzee alinuna wiki mbili, kisha akarudi na vifuniko vya mitungi ya achari, na sasa watoto wanachezea vifuniko, yeye anacheza komwe zake juu ya meza na kumfundisha baba yeyote atakayekaa.

Kisha kuna suala la Kiswahili cha nani. Tuna watu wa Mombasa, wa Unguja na Pemba, wa Dar, na sasa hivi wengi ni wa Bukavu na Goma, ambao wao husema batoto, na maji huyaita mayi. Wiki za mwanzo binti mdogo wa Bukavu alimvuta Bi Mkubwa nguo akimwomba mayi, naye Bi Mkubwa, mwenye huruma, akampigia mama yake mmoja simu aje na mayai mawili ya kuchemsha. Mtoto alitazama mayai, akatazama wakubwa, akaenda bombani mwenyewe. Siku hizi watoto wote wanajua kwamba ukimwendea mama huyu unasema hivi, ukimwendea yule unasema vile. Darasa haliwezi hilo. Darasa lazima lichague kitabu kimoja, na siku tutakapokaa kuchagua kitabu mtashuhudia vita. Mwenzetu mmoja tayari ameshasema Kiswahili sanifu ndicho kitakachofundishwa, na mama wa Bukavu wakaacha kuja Alhamisi mbili mfululizo.

Lakini hayo bado si kiini cha hoja yangu. Kiini ni huyu mama kijana ninayetaka kumweleza, bila jina. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akaletwa Uingereza ana miaka saba. Sasa ana 26 na mtoto wa mwaka mmoja. Kiswahili anakisikia chote, huwezi kumsengenya mbele yake, lakini alikuwa hakisemi. Ukimsemesha anajibu kwa Kiingereza. Nilidhani ni maringo, mpaka Bi Mkubwa alipomtoa maneno taratibu wakiwa wanakunja nguo. Alipokuwa mdogo kila alipofungua mdomo wakubwa walimcheka ngeli zake: "mkono ngu," "kiatu yangu". Akaona bora anyamaze, na amenyamaza miaka karibu ishirini.

Wako wengi kama yeye, na mimi nasema kizazi hicho ndicho kitakachoamua. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtoto wa miaka miwili yuko macho saa kama 12 kwa siku, saa 84 kwa wiki. Darasa litampa saa mbili. Zilizobaki 82 ziko mikononi mwa mama yake, ambaye tutakuwa tumemfungia mlango akangojee ndani ya gari. Akija barazani akaondoka na sentensi ishirini anazozithubutu, zitarudiwa nyumbani kila siku, wakati wa kuoga, wa kula, wa kuvaa. Kwa hiyo tulipitisha sheria moja tu, iko mlangoni kwa kalamu nene: hapa hachekwi mtu. Mwezi wa tatu hivi, mwanawe alipanda juu ya meza ya chai, na mama yule bila kufikiri akapaza sauti: "Shuka! Shuka kwenye meza hiyo!" Ukumbi ulinyamaza. Hakuna aliyemsifu, tulijifanya hatukusikia. Mimi nilikwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Nawatendea haki na walio upande wa pili. Katibu wetu ana watoto wa miaka saba na tisa wasioweza kusoma mstari mmoja wa Kiswahili, na aliuliza swali ambalo sina jibu lake jepesi: baraza ya vitambaa na sufuria itawasaidia nini hao? Kweli, haitawasaidia. Pia ameniambia kwamba kazi ya kujitolea inachosha watu wale wale. Naye ni kweli. Ufunguo umeshikwa na watu watatu, na wawili wameanza kazi mpya. Kodi ya ukumbi ni pauni 30 kila Alhamisi. Familia hutoa pauni mbili kwa anayeweza, wiki nzuri tunapata 22, pengo linazibwa na sambusa. Daraja halikai hivyo. Na hao Wawelisi ninaowasifu nao hawajafika: hesabu ya watu ya mwaka 2001 ilionyesha karibu asilimia 21 wanakisema Kiwelisi, ya 2011 asilimia 19, na ya 2021 asilimia 17.8. Vikundi vya watoto peke yake havikutosha.

Wamaori wa New Zealand walianza namna yao mwaka 1982, Te Kōhanga Reo, yaani kiota cha lugha, ambako wazee wanaokijua Kimaori walikaa na watoto wadogo, na familia nzima ikahesabiwa kuwa na kazi humo. Ndani ya miaka michache viota vilikuwa mamia. Watoto walipokua, wazazi wale wale waliozoea kukaa pamoja ndio waliosimama kudai shule za Kimaori, na wakazipata. Ninachokiona hapo ni mpangilio wa kazi: kiota kilitangulia, darasa likafuata, na darasa lilikuwa na watu nyuma yake. Sisi tunaambiwa tubomoe kiota ili tupate mbao za darasa.

Nimependekeza hivi, na katibu ameshapewa nakala. Tuwaandikie wale wahisani tuwashukuru, tuwaombe watulipie kodi ya Alhamisi peke yake, baraza ibaki na wazazi ndani. Fedha za mwalimu, wakikubali, ziende kwenye darasa la Jumamosi la watoto wa miaka sita na zaidi, wanaohitaji kusoma na kuandika, na kitabu chake wachague wazazi wa watoto hao, mimi simo. Wakikataa yote mawili, tutaendelea na sambusa. Nimepiga hesabu: familia nne zaidi zinazotoa pauni mbili zinalifuta pengo.

Na neno kwa akina baba. Tuko watatu. Mara ya kwanza nilipoingia nimebeba mtoto na mkoba wa nepi, mama mmoja aliniuliza kwa heshima kama mke wangu yuko njiani. Siku hizi hawaulizi. Mwenye kazi za usiku anaweza kuja saa tano akalala kwenye kiti. Watoto hawajali, na kukoroma hakuna lugha.

Kikao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, ukumbi ule ule. Njooni na watoto, tutatandika lile zulia la bluu upande wa jiko. Ufunguo wa kabati la vifaa sasa uko kwa mama wa Bukavu, si kwangu, kwa hiyo msinipigie simu usiku.